Mwezi wa Tisa kwa Hesabu ya Mama

Mtoto wa mdogo wangu aliishi saa kumi na tisa. Alizaliwa Jumatano saa tano asubuhi, akafariki Alhamisi saa kumi na mbili, jua likichomoza. Dawa ya mizizi aliyokuwa akinywa mama yake siku tatu kabla ya hapo nilikwenda kuichukua mimi, kijiji cha Wambaa. Nilipoulizwa mimba ina miezi mingapi, nilijibu tisa. Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na kadi ya kliniki iliyosema vingine.

Kazi yangu ni kuandikisha vizazi na vifo katika ofisi moja ya Chake Chake. Mtu akikaa mbele ya meza yangu namuuliza nani, wapi, lini, na aliyeshuhudia ni nani. Akisema "kiasi cha saa nne" namwambia afikiri vizuri. Akisema "nadhani Jumanne" namrudisha nyumbani akaulize. Kwa hiyo sina udhuru wa kutojua umuhimu wa tarehe.

Mdogo wangu aliolewa mwezi wa Rajabu, akahamia Vitongoji. Mumewe analima muhogo na akipata mwenzake wa kwenda naye huvua. Mama hakuipenda ndoa ile. Babu yake shemeji alitoka bara kuja kuchuma karafuu akabaki hapa, na ingawa wajukuu zake wote wamezaliwa Pemba na hawajui kwengine, mama huwaita "wale waliokuja." Siku ya harusi alipika, akagawa chakula, akawapokea wageni wote kwa adabu, lakini hakutabasamu. Mdogo wangu aliliona hilo. Sote tuliliona.

Sisi tunakaa Tibirinzi, mama na mimi, niliyerudi nyumbani baada ya kuachwa. Ramadhani ilipoingia, mdogo wangu akawa anakuja mara kwa mara kumsaidia mama kupika futari, kisha anarudi kwake na sufuria ya mbaazi za nazi. Mchana mmoja, mfungo ukiwa umefika kumi na tatu, mama alitoka uani kuanua nguo akamkuta nyuma ya banda la kuku, kopo la maji mdomoni.

"Weye! Wanywa maji?"

Mdogo wangu alishusha kopo.

"Siku ya ngapi hii hufungi?"

"Ya kumi na moja, mama."

Nilikuwa mlangoni nachagua mchele, nikawaona wote wawili. Mama alisimama na nguo begani, midomo ikihesabu. "Mwezi wa mwanamke haufiki siku kumi na moja," alisema. Kisha akatabasamu. Mdogo wangu akainamisha uso, naye akatabasamu. Mama alimpokonya kopo, akalijaza upya kwa maji ya mtungi yaliyo baridi, akamrudishia. "Basi kunywa ndani, usinywe na kuku."

Hesabu ya mama ilianzia pale. Yeye hajawahi kutumia kalenda ya ukutani. Mwanamke akiingia katika siku zake Ramadhani hafungi, na siku hizo huzilipa baadaye, kabla ya Ramadhani nyingine. Kwa hiyo katika nyumba ya wanawake kila mmoja anajua mwenziwe ana siku ngapi za kulipa, na mama mwenye mabinti anajua bila kuuliza. Saba ni kawaida. Kumi na moja, kwa bibi harusi wa miezi miwili, mama aliona haina tafsiri nyengine ila mimba.

Akahesabu kwa miandamo ya mwezi, kama alivyohesabu mimba zake zote. Shaabani akaiweka mwezi wa kwanza, Ramadhani wa pili. Miezi inayofuata Ramadhani sisi huiita mifunguo, na mama aliipita mmoja mmoja kwa vidole: Mfunguo Mosi wa tatu, Mfunguo Pili wa nne, mpaka akafika Mfunguo Saba, ambao kwa hesabu yake ulikuwa wa tisa. Majirani wakiuliza, jibu lilikuwa tayari. Mdogo wangu akiulizwa, alisema, "Mama ndiye anayejua."

Kliniki alichelewa kwenda, kama wanavyochelewa wengi. Nilimpeleka mwenyewe katika Mfunguo Nne. Tulikaa kwenye benchi na wanawake wengine, na kabla ya kupimwa muuguzi alisimama kutufundisha. Alikuwa msichana mdogo, sauti kali. Alisema mizizi na majani yana nguvu kama vidonge, ila kidonge kimepimwa na mzizi haujapimwa. Alisema kuna dawa zinazokaza kizazi kabla ya wakati, na anayeijua dawa si lazima aijue mimba. Kisha akauliza, kama mwalimu wa darasa la kwanza:

"Kwa hiyo dawa za kienyeji, tunakunywa?"

"Hatunywi!" benchi zima likajibu.

Mwanamke mmoja mnene, aliyekaa karibu na ukuta, akaongeza kwa sauti ya chini, "Hatunywi. Twanyweshwa."

Watu wakacheka mpaka muuguzi mwenyewe akageuka kujificha uso. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mdogo wangu alipoitwa ndani, nilibaki nje. Alipotoka alinipa kadi. Karatasi zote za nyumbani hukaa kwangu: hati ya nyumba, vyeti vya shule, kitambulisho cha mama. Nikaitia mkobani bila kuifungua.

Niliifungua miezi mitatu baadaye. Mfunguo Saba ulipoandama, mama alituma mtu Vitongoji kusema kuwa mwanawe aletwe. Kwetu mimba ya kwanza huzaliwa kwao mwanamke, hilo halijadiliwi. Shemeji alimleta na begi moja na mkeka mpya. Mama mkwe wake alikuja pia kumsindikiza. Aliketi ukumbini, akanywa chai, akasema kwa upole:

"Bi dada, tumbo mie naliona dogo."

"Sisi matumbo yetu madogo," mama akajibu. "Huyu dada yake hapa nimemzaa watu hawajui kama nina mimba."

Jioni ile, nikipanga vitu vya mdogo wangu, nilitoa kadi nikaisoma. Tarehe ya kutarajiwa kujifungua ilikuwa zaidi ya miezi mitatu mbele. Nilisoma mara mbili. Nikaenda jikoni, mama anakuna nazi, mdogo wangu amekaa kwenye kigoda anakunja miguu.

"Mama, kadi inasema bado. Inasema miezi mitatu na zaidi."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye mbuzi ya kukunia. "Kadi imezaa wangapi?"

Nikacheka. Mdogo wangu naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo. Mama amezaa saba, na wakati wote wa maisha yangu sijawahi kusikia kuwa alikosea mwezi hata mmoja. Nikairudisha kadi mkobani.

Tumbo dogo lile, ambalo mama mkwe aliliona ni dalili ya mimba changa, mama aliliona ni dalili ya njia kufunga. Mwezi wa tisa umefika kati, alisema, na mtoto hajashuka. Kuna dawa anayoijua, yeye mwenyewe aliinywa kwa mimba yangu: mizizi na gome huchemshwa, hunywewa kikombe cha kahawa asubuhi na kikombe jioni, nyonga hulegea na uchungu ukija hauchelewi. Aliyekuwa akiitoa ni mwanamke mmoja wa Wambaa, mkunga wa siku nyingi, na mama alisikia bado yu hai. "Kesho Jumamosi, huendi kazini. Nenda ukanichukulie."

Nilikwenda na gari ya asubuhi.

Nyumba ya mkunga ilikuwa nyuma kidogo ya kijiji, imepakwa udongo mpya, uwanja umefagiwa. Mwenyewe alikuwa amekaa barazani anasuka ukili wa mkeka, mwanamke mrefu, mkavu, macho mazima.

"Assalaam alaykum, bi mkubwa."

"Waalaykum salaam. Karibu mwanangu, kaa kitako. Nani azaa, weye?"

"Mdogo wangu."

"Weye je, huzai?"

"Nimepumzika, bi mkubwa."

"Wapumzika, na kazi hujaifanya!" Akacheka peke yake, akaweka ukili chini. Kisha kicheko kikamtoka usoni mara moja, kama mtu aliyefunga duka. "Dawa ya kulegeza ndiyo uliyoijia?"

"Ndiyo."

"Hii si ya mchezo. Ndani ya mwezi wa tisa ni dawa. Kabla ya hapo sitaki hata iingie katika nyumba yenye mja mzito. Ana miezi mingapi?"

"Tisa."

"Mwezi umeandama?"

"Umeandama. Una siku kumi na tano leo."

"Kwa hesabu ya nani?"

"Ya mama."

Mkoba ulikuwa mapajani pangu. Nilikuwa naijua kadi iliko, mfuko wa ndani, pamoja na kalamu. Ningeweza kusema: kuna hesabu mbili, bi mkubwa, na hazipatani. Maneno machache tu. Lakini nilijiona mjinga kumletea mwanamke yule karatasi, na zaidi ya hapo nilimwona mama akirudia swali lake la jikoni mbele ya watu.

"Ungemleta nikamgusa tumbo," alisema mkunga. "Mie mkono wangu wasema kweli kuliko miezi."

"Ni mbali, bi mkubwa, na miguu yamvimba."

Miguu ya mdogo wangu haikuwa imevimba. Mpaka leo sijui kwa nini niliongeza hilo.

Akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha gazeti. Nilimwomba aniambie majina ya miti iliyomo. Akasema majina ya dawa hayatembei, hutembea dawa yenyewe. Nilifungua gazeti kidogo nikaona vipande vitatu vya mzizi mweusi na gome moja jekundu. Hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu kilichokuwamo, na sijaongeza lolote tangu siku hiyo.

Jumapili asubuhi mama aliichemsha. Mdogo wangu aliuliza ya nini. Mama akamwambia ni ya kumpa nguvu. Nilikuwa nimesimama pale. Alikunywa, akakunja uso, akasema ni chungu kama shubiri, mama akampa tende. Jioni akanywa tena. Jumatatu mara mbili, Jumanne mara mbili. Jumatatu mchana alisema kiuno kinamvuta. Mama akafurahi.

Jumatano, baada ya sala ya alfajiri, mdogo wangu alikuja kunigongea mlango. Alikuwa ameshika ukuta kwa mikono yote miwili, kanga imelowa. Hakulia. Alisema, "Dada, bado. Bado kabisa." Nilidhani anasema uchungu bado. Nikamwambia asiogope, umeshafika.

Tulifika hospitali saa mbili. Daktari aligusa tumbo, akapima kwa utepe, akatazama kadi niliyompa, akapima tena. Akamuuliza mama:

"Kuna dawa yoyote aliyokunywa?"

"Chai," alisema mama.

"Dawa za miti? Majani, mizizi?"

"Chai tu, mwanangu, na mkate wa mofa."

Daktari akanigeukia mimi. Nikatazama sakafu. Ilinichukua kiasi cha nusu saa kutoka pale, kumfuata muuguzi kwenye ukumbi na kumwambia. Nilitegemea atanigombeza. Aliandika huku akitembea.

"Tangu lini?"

"Jumapili."

"Unajua ni mti gani?"

"Sijui."

"Ipo iliyobaki? Ilete." Kisha akasema, bila ukali wowote, "Wote husema chai."

Nilirudi Tibirinzi kuichukua. Sufuria lilikuwa limeoshwa na kugeuzwa. Chini ya mgomba udongo ulikuwa umelowa na umetifuliwa; mama, kabla hatujaondoka, alikuwa ameimwaga dawa hapo na mizizi ameichimbia. Nilichimba kwa mikono nikapata matope na maganda ya ndizi tu. Nilipofika hospitali mara ya pili, mtoto alikuwa ameshazaliwa.

Alikuwa msichana. Wiki ishirini na saba, kwa kadi. Walimfunga kofia, wakamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wakafunika kanga juu. Mdogo wangu alikuwa anahema taratibu sana, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni. Mama aliketi pembeni ya kitanda. Nilimwona akimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kuanzia miguu, kwenda juu, na nikajua kuwa anamsoma kama alivyosoma watoto wote aliowahi kuwashika. Alinyanyuka akaenda nje, na aliporudi uso ulikuwa umelowa maji ya udhu.

Daktari alinieleza ukumbini. Mkojo wa mdogo wangu ulikuwa na maambukizi, na maambukizi peke yake yanaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Dawa nayo inaweza. "Sijui ilikuwa na nini, na nyinyi hamjui," alisema. "Siwezi kukwambia ni hii, na siwezi kukwambia siyo." Nilimwomba arudie, akarudia maneno yale yale.

Alhamisi saa kumi na mbili pumzi ya mtoto ilikwisha.

Mama ndiye aliyemwosha. Maji yaliyotumika yalijaa bakuli moja. Sanda ilikatwa kwenye kipande kilichobaki cha nguo nyengine. Shemeji alimpa jina, akamchukua mikononi, wanaume wakaenda kuzika baada ya adhuhuri, wakarudi upesi. Mama mkwe alikaa na sisi siku tatu, akapika, akafua. Hakusema neno juu ya tumbo dogo. Kama angelisema nadhani ingekuwa nafuu.

Wiki iliyofuata nilikwenda ofisini upande wa pili wa meza. Mtoto aliyezaliwa hai huandikwa mara mbili, kizazi chake na kifo chake. Mwenzangu wa kazi aliniuliza kama tunavyowauliza wengine wote, kwa sababu hakuna namna nyengine ya kuuliza. Jina. Mahali. Saa ya kuzaliwa. Saa ya kufa. Sababu, akasoma kutoka kwenye karatasi ya hospitali: kuzaliwa kabla ya wakati. Akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina.

Nilirudi Wambaa Jumamosi moja, peke yangu, bila kumwambia mama. Mkunga alinitambua kabla sijakaa.

"Kazaa?"

Nilimwambia. Ukili ulikuwa mkononi, na mkono ukasimama.

"Kucha zake zilifika wapi?"

"Hazikufika ncha za vidole, bi mkubwa."

"Nyusi?"

"Hazikuwapo."

Kuku walipita, akawaacha wachakure ukili wake. "Uliniambia tisa," alisema hatimaye. Hakuipandisha sauti. "Nilikuuliza mara tatu, kwa namna tatu. Uliniambia tisa." Nikamwambia kadi ilikuwa mkobani. Akauliza kadi ilisemaje, nikamweleza. "Karatasi ilikuwa na wewe hapa? Hapa barazani?" Nikasema ndiyo. Akanyanyuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilisubiri kidogo, kisha nikaondoka.

Siku arubaini za mdogo wangu zilipokwisha nilimwambia na yeye. Tulikuwa uani tunafua. Nilimweleza yote, kadi, Wambaa, uongo wa miguu. Aliendelea kukamua kanga mpaka ikakauka.

"Mie nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kuwa bado. Kadi ile nani aliwapa tarehe? Si mie?"

Ndipo aliponieleza habari ya kopo la maji. Zile siku kumi na moja, saba zilikuwa siku zake za mwezi kama kawaida. Nne za mwisho alikuwa na homa, na aliona haya kusema kuwa anakula kwa homa wakati mumewe alifunga na homa yake. Mama alipohesabu na kutabasamu, hakuweza kumwambia si hivyo. "Tangu niolewe hakunitabasamu, dada. Nikasema nitamwambia kesho." Baada ya Sikukuu aliingia tena katika siku zake, akaficha. Mwezi uliofuata hazikuja, mimba ikawa kweli, na yeye akaona Mungu amemsitiri. Hesabu ilikuwa imezidi wiki chache tu, alidhani, nani atajua. Hakujua kuwa mama anahesabu ili ampe dawa. Alidhani anahesabu ili afurahi.

"Usimwambie mama," alisema.

"Mama anadhani ni yeye."

"Usimwambie."

Sijamwambia. Mama hakuacha mambo yake mengine, lakini majirani walipokuja kumuuliza mambo ya mimba alianza kuwaambia waende kliniki, kwa sauti ya mtu anayemtaja ndugu aliyegombana naye. Jioni moja, tukipepeta mchele, aliniuliza ghafla, "Nilikosea wapi?" Nikajifanya sijaelewa. Akaanza tena kwa vidole. Shaabani, Ramadhani, Mfunguo Mosi. Alifika Mfunguo Saba, akarudi mwanzo. "Siku kumi na moja," alisema. "Siku kumi na moja nilizisikia kwa masikio yangu." Nilikuwa na jibu na sikulitoa. Nikilitoa, namwondolea mama mzigo namtwika mdogo wangu, na yeye ana wake wa kutosha. Nikilizuia, mama atakufa akihesabu.

Mwaka huu mdogo wangu ana mimba ya pili. Kliniki alikwenda mapema, na mkojo umepimwa, na kadi anayo mwenyewe, hakunipa. Mama hakuambiwa. Alisikia kwa mwanamke mmoja sokoni, akarudi nyumbani, akakaa na kikapu chake mlangoni bila kukitua. Kesho yake alinunua chokaa.

Chumba cha uani amekipaka mara mbili. Ametandika kitanda, ametundika chandarua. Hakuna mizizi ndani ya nyumba. Nimetazama kila mahali, hata mahali ambapo ninaona aibu kusema kuwa nilitazama. Mila inasema mimba ya kwanza ndiyo huzaliwa kwao. Ya pili mwanamke anaweza kuzalia kwa mumewe bila mtu kuuliza, na mama mkwe wa Vitongoji amesema azalie hospitali, kisha siku arubaini azikae popote moyo wake unapotulia. Mama amesikia hilo pia. Kila nikirudi kutoka kazini ananiuliza neno moja: "Kasemaje?"

Jumapili nilikwenda Vitongoji kumuuliza mdogo wangu. Alikuwa anamenya muhogo, tumbo limesogea mbele, kubwa kuliko lile la kwanza. Nilimwambia mama amekipaka chumba chokaa. Akasema amesikia. Nilimwambia hakuna dawa, nimetazama. Akasema hilo pia analijua, si dawa anayoiogopa.

"Waogopa nini?"

"Akinitazama," alisema, "nitamwambia."

Akamenya mwengine. Nilipoaga aliniambia nimfikishie mama salamu, na jibu atampa mwenyewe kwa simu, kabla ya wiki kwisha. Nilifikisha vyote viwili. Mama tangu hapo simu anaiweka mapajani, hata akila.

Leo ni Jumamosi, na haijalia.